Bakapu ya Duka Imekataa Kurudi?

Una duka Machakos mjini, kompyuta ya mauzo imeharibika, na bakapu zilizo kwenye folda ya mtandao zinakataa kurudi? Usifute chochote. Bakapu ya kila siku mara nyingi hubeba mabadiliko tu ya tangu bakapu iliyoitangulia. Inahitaji ile kamili ya kwanza, kisha zifuatane kwa tarehe. Ya Jumatano ikikosekana, za Alhamisi na Ijumaa hazitarudi.

1. Hakikisha faili zote zipo.
2. Zinakili kwanza kwenye kompyuta, maana mtandao au stima ikipotea katikati, kazi hukwama.
3. Ikikosekana moja, rudisha hadi siku iliyoitangulia.

Malipo ya simu tunayo: omba taarifa ya miamala, ujaze pengo. Pesa taslimu na madeni hatuna. Fundi naye asipewe PIN yako, haihitaji.