Kisu cha kukunja: kiwe na loki au la?

Msimu wa maembe ukifika hapa Songea, vijana wengi hutembea na kisu cha kukunja mfukoni. Embe, muwa, chungwa, kisu ni hicho hicho. Lakini je, umewahi kujiuliza ni nini kinakizuia kisijikunje ukiwa kazini?

Visu vingi vya bei nafuu vina springi tu mgongoni mwa mpini. Ukikandamiza makali chini, hakuna shida, maana nguvu yako inazidi kulifungua bapa. Shida ni pale unapochoma kwa ncha, au kisu kinapokwama kwenye fundo la muwa ukaanza kukichokonoa. Nguvu inageuka, springi inashindwa, bapa linarudi kwenye nyumba yake. Na njiani kuna nini? Vidole vyako vinne, bwana! Chini ya ngozi pale kuna kano zinazokunja vidole. Kano ikikatika, kidole hakikunjiki tena mpaka upasuliwe.

Ndiyo maana kampuni ya Opinel ya Ufaransa, mwaka 1955, iliweka pete ya chuma shingoni mwa visu vyake. Ukiizungusha, bapa halijikunji. Tangu mwaka 2000 inakizuia pia kufunguka mfukoni.

Uingereza wana mtazamo mwingine. Sheria yao ya 1988 inaruhusu kutembea na kisu kidogo cha kukunja, makali yasizidi inchi 3. Ila baadaye mahakama ikasema kisu chenye loki hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Sheria ile inamfikiria anayeweza kuchomwa. Mimi hapa namfikiria mwenye kisu, na kwake naona loki ni bora. Lakini usiiamini kama malaika: ikijaa mchanga au maji ya muwa yaliyoganda, hainasi vizuri. Ioshe, ikaushe. Na shuleni usiende nacho kabisa, penseli ina kichongeo chake.

Umejikata? Bana jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha osha kwa maji safi na sabuni. Mafuta ya taa na dawa ya meno, hapana. Kisu chenye damu ya mtu usikitumie, kinaweza kuambukiza virusi vya homa ya ini au UKIMWI. Damu isipokata, kidole kikifa ganzi au kikikataa kukunjika, nenda HOMSO au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Waulize pia kuhusu sindano ya pepopunda, maana chanjo za utotoni hupungua nguvu miaka inavyokwenda.