Fahamu: Ukinaswa na Alcoblow Kenya, nini hufuata?

Ni usiku, polisi wamekusimamisha ukiendesha gari na kukuambia upulize Alcoblow, kifaa cha kupima pombe. Kikionyesha umelewa, unapelekwa kituoni na jina lako linaandikwa kwenye kitabu cha matukio.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiisha korti imefungwa, upelekwe siku inayofuata ya kazi.

Kortini unasomewa mashtaka. Ukikana, unaweza kupewa dhamana kesi ikisubiri kusikizwa. Ukikiri, unahukumiwa. Sheria ya Trafiki inaruhusu faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Leseni nayo huwa hatarini.