Mnyama alikuwa Berkane, simu yangu ikawa kimya

UKIPITA Mikumi kwa basi, mtandao ukikata katikati ya hifadhi hakuna anayeshtuka. Unaangalia twiga dirishani, ukitokea mjini meseji zinaingia zote kwa mkupuo. Nimekulia hapa, nikajua kukosa mtandao ni jambo la dakika chache tu.

Mei 2025 nikafundishwa. Simba ilikuwa inacheza na RS Berkane mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 17, kule Morocco. Nilinunua eSIM siku mbili kabla ya safari na kujiona mjanja. Kodi ya QR ikatumwa kwenye barua pepe, nikaiacha humo humo.

Natua Casablanca, balaa. Barua pepe haifunguki kwa sababu sina intaneti, na intaneti sina kwa sababu kodi iko kwenye barua pepe! Mhariri Dar anasubiri stori. Mama yuko Kilosa, anapiga hanipati. Aliyeniokoa ni shabiki mmoja wa Simba aliyeniwashia hotspoti, nikamtumia ile kodi, akaifungua kwenye simu yake nami nikaiskani kwa yangu.

Sasa kila nikirudi Mikumi vijana wananiuliza hiyo eSIM ikoje. Wana haki, maana AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na wengine wameshaanza hesabu za kwenda Nairobi na Kampala.

Ni laini kama nyingine, ila hakuna kadi ya kuchomeka. Chipu yake imo ndani ya simu tangu kiwandani, wewe unapakua taarifa za mtandao tu. Ndiyo maana watalii wanaokuja kuangalia simba wa kweli hapa Mikumi wanaweza kurusha picha bila kupita kwa wakala wa laini.

Piga *#06#. Ukiona namba ndefu iliyoandikwa EID, simu yako kwa kawaida inaikubali. Simu nyingi za bei ya chini hazina. iPhone zilianza nayo 2018, toleo la XS, lakini kama umenunua iliyotumika kutoka nje, hakikisha haijafungwa kwa kampuni moja ya huko ilikotoka.

Ipakue ukiwa bado nyumbani, kwenye WiFi. Soma pia siku za bando zinaanza kuhesabiwa lini: kuna zinazoanza ukishapakua, nyingine mpaka ushike mtandao wa huko. Na usiifute ukidhani utaiskani tena, nyingi hazikubali mara ya pili.

Kosa kubwa zaidi ni kuchomoa laini ya Tanzania. Jamani, meseji za benki na za pesa za simu zinakuja kwenye namba hiyo! Iache ndani, zima data yake tu, kisha chagua eSIM iwe ndiyo ya data na uiwashie romingi. WhatsApp ikikuuliza kama unabadili namba, kataa. Kabla hujaondoka, iulize kampuni yako kama laini yako itapokea meseji ukiwa nje.

Hili la mwisho ndilo lililonigusa. eSIM nyingi za wasafiri ni za data tupu, hazina namba ya kupigiwa, na mama yangu anatumia kitochi. Bando lote lile lisingemfikia. Ilibidi nimtafute jirani yake mwenye WhatsApp, akatoka usiku ule kwenda kumgongea mlango kumwambia nimefika.

Simba ilifungwa 2-0 Berkane, ikatoka sare ya 1-1 marudiano ya Zanzibar, kombe likaenda. Namba ya yule jirani bado ninayo, na safari hii nimeiandika kwenye karatasi pia.