Umeme wa Musoma: nani ashindane na nani?

Ukinunua LUKU Musoma au Bunda, muuzaji ni TANESCO tu. Zikiruhusiwa kampuni nyingine, bei itashuka? Inategemea zinashindania nini. Mitambo ya kuzalisha inaweza kushindana. Nguzo haziwezi: nani atajenga laini ya pili mpaka Butiama? Hapo anayemlinda mwenye mashine ya kusaga ni mdhibiti, EWURA.

Jirani zetu Uganda waligawa shirika lao 2001, na 2005 usambazaji ukapewa kampuni ya Umeme kwa miaka 20. Umeme uliopotea njiani ulipungua kutoka karibu asilimia 38 hadi chini ya 20. Safi! Ila bei ililalamikiwa sana. Mteja wa Kampala bado alikuwa na muuzaji mmoja. Machi 2025 serikali ikauchukua tena. Sisi tulipanga 2014 kuigawa TANESCO kwa hatua hadi 2025, imebaki moja.