Vumbi, delestaji na kobalti: mashini ya kuvuta vumbi isiyo na waya inafaa nyumba gani?

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati mvua imekatika, wakaaji wa Goma wanaishi na vumbi jeusi. Barabara nyingi za mitaani zimetandikwa makoro, yale mawe ya volkano, na kila moto na kila lori linapopita linayasaga kidogo kidogo. Unga wake unapita chini ya mlango, unapenya katikati ya mbao za ukuta, unatua juu ya meza, juu ya kitanda, juu ya sahani zilizooshwa. Lubumbashi na Kolwezi vumbi ni jekundu, lakini kazi ni ile ile. Mama au msichana wa nyumba anainama na ufagio asubuhi, na mbele ya saa sita sakafu imesharudi namna ilivyokuwa.

Kwa hiyo si ajabu kuona watu wakiulizana juu ya ufagio wa batri, ile mashini ya kuvuta vumbi isiyo na waya ambayo wengi wanaiita aspirateri. Wamo walioiona kwenye video za simu, wamo walioikuta kwa ndugu zao Ubelgiji ao Canada, na wamo walioletewa moja katika mzigo. Ni mrija mrefu kama fimbo, chini una brashi inayozunguka, juu karibu na mkono kuna injini ndogo, kikopo cha takataka na batri. Kwa kawaida uzito wake ni kilo 2 ao 3. Mtu anasimama wima, anasukuma, anavuta, basi. Kwa mwenye mgongo unaouma, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Swali ni kama mashini hiyo, iliyotengenezwa kwa nyumba zenye tapi na umeme wa saa 24, inaweza kufanya kazi katika nyumba ya Himbi, ya Kadutu ao ya Kenya kule Lubumbashi, na kama bei yake inastahili.

Mfagizi aliyekuwa na pumu

Mashini za kwanza za kuvuta vumbi hazikuwa za mtu wa kawaida. Mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza moja kubwa iliyovutwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikaingizwa nyumbani kupitia madirisha.

Aliyeirudisha mikononi mwa mfagizi alikuwa mfagizi mwenyewe. James Murray Spangler alikuwa akisafisha jengo moja la biashara katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi la kufagia lilimtesa. Akachukua injini ya feni, foronya ya mto na mpini wa ufagio, akaviunganisha. Mwaka 1908 akapata hati ya uvumbuzi wake, kisha akaiuza kwa familia ya Hoover, na jina lililobaki duniani ni la Hoover, si la Spangler. Anayetazama mashini za leo zenye umbo la fimbo ataona kwamba mpini wa ufagio wa Spangler haujaenda mbali.

Kuondoa waya kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1979 kampuni ya Black & Decker ilitoa Dustbuster, kidude kidogo cha mkononi chenye batri, kizuri kwa makombo ya mezani na si zaidi. Batri za wakati huo zilikuwa nzito na dhaifu. Mlango ulifunguka mwaka 1991, kampuni ya Sony ilipoanza kuuza batri za lithiamu, zile zile tunazozijua leo katika simu. Mwaka 2018 kampuni ya Dyson ya Uingereza ilitangaza kwamba haitatengeneza tena aina mpya za mashini zenye waya, na siku hizo hizo ikatoa mashini yake ya V10, kwa bei ya kuanzia dola 500 hivi. Toka hapo makampuni mengi, hasa ya China, yametoa zinazofanana nayo kwa bei ndogo zaidi, hata chini ya dola 100. Ubora wake haulingani, na mnunuzi ndiye anayebeba tofauti hiyo.

Umeme si tatizo linalofikiriwa

Jambo la kwanza linalowaogopesha watu ni umeme. Hapa hesabu inashangaza. Batri ya V10 imeundwa na seli 7, kila moja ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na zote pamoja zinabeba nguvu ya wati-saa 65 hivi. Ukiongeza nguvu inayopotea katika kuchaji, ni kama wati-saa 80. Pasi ya wati 1.000 inakula kiasi hicho kwa dakika 5. Kwa kilowati-saa moja ya cash power, mwenye nyumba anaweza kuijaza batri hiyo mara 12.

Kinyume chake, mashini ya waya inaweza kula wati 900 kwa mfululizo. Hicho ndicho kipimo cha juu kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya toka mwaka 2017, na zile za okasioni zilizotengenezwa zamani zinakula zaidi. Jenereta ndogo ya nyumbani inalia ikikutana nayo, na wenye paneli chache za jua hawawezi hata kujaribu. Chaja ya ufagio wa batri inaomba wati 30 hivi, kama balbu ya zamani. Kwa nyumba inayopata umeme saa chache kwa siku juu ya delestaji, hii ndiyo faida ya kweli: mashini inachaji wakati umeme upo, inafanya kazi wakati haupo.

Lakini kujaza kunachukua saa 3 na nusu ao zaidi, na kazi yenyewe ni fupi. Dakika 60 zinazoandikwa kwenye katoni ni za nguvu ya chini kabisa, brashi ya injini ikiwa haijafungwa. Ukiweka nguvu ya juu, ile inayong'oa mchanga kwenye tapi, batri inakwisha kwa dakika chache, chini ya 10. Sebule na vyumba viwili vinawezekana. Nyumba kubwa yenye watoto sita na wageni wa jumapili, hapana.

Makaro ndiyo, udongo hapana

Mashini inafanya kazi vizuri juu ya makaro, saruji laini na mbao zilizopangwa vema. Ni nzuri zaidi mahali ufagio haufiki: chini ya kitanda, katika mikunjo ya kanape, kwenye godoro, ndani ya gari. Juu ya sakafu ya udongo haina maana, itavuta sakafu yenyewe.

Na hata juu ya makaro, vumbi letu si vumbi la Brussels. Injini ya V10 inazunguka hadi mara 125.000 kwa dakika. Hewa inayovutwa inazungushwa kama kimbunga ili takataka nzito zianguke kikoponi, na vumbi laini linaishia kwenye filtre. Vumbi la makoro, vumbi la saruji na bunga la muhogo lililomwagika jikoni ni laini mno. Yanaziba filtre haraka, nguvu inapungua, injini inapata moto na mashini inajizima. Vitabu vya maelezo vya makampuni mengi vinakataza waziwazi kuvuta saruji, plasta na majivu. Majivu ya mbabula ndiyo hatari kuliko yote, kwani kaa moja dogo lililobaki na moto ndani, likiletewa hewa yote hiyo, linaweza kuwaka ndani ya kikopo.

Maji nayo ni marufuku, isipokuwa kwa aina chache zilizotengenezwa makusudi kwa ajili hiyo. Mama anayenyunyizia maji kidogo sakafuni mbele ya kufagia, ili vumbi lisipande, anafanya jambo la busara, lakini asipitishe mashini hapo mpaka pakauke.

Kuna na nywele. Katika nyumba ambamo wasichana wanasukana, vipande vya meshi vinajiviringisha kwenye brashi mpaka haizunguki tena. Dawa yake ni makasi na uvumilivu, kila wiki.

Filtre nyingi zinaoshwa kwa maji baridi bila sabuni, kisha zinaachwa zikauke kwa saa 24 angalau. Bukavu wakati wa mvua, saa 24 hazitoshi. Filtre ikirudishwa na unyevu, mashini inanuka na injini inaanza kuharibika. Anayenunua aulize kwanza kama filtre ya pili inapatikana. Bila hiyo, ufagio wa zamani utarudi kazini siku mbili kila mwezi.

Kwa mgonjwa wa pumu, filtre ndiyo kitu cha kwanza cha kutazama. Ile inayoitwa HEPA, kwa kipimo cha Kimarekani, inazuia asilimia 99,97 ya chembe za maikroni 0,3. Mashini isiyo na filtre nzuri inavuta vumbi mbele na kulitema nyuma, likiwa laini zaidi, usawa wa pua ya mtoto. Hiyo ni mbaya kuliko ufagio. Na kwa sakafu ya saruji, kitambaa chenye maji kinakamata vumbi vizuri sana kwa bei ya bidoni moja. Mahali maji yanabebwa kutoka mbali, ndipo mashini inapoanza kushindana nacho.

Kununua okasioni

Batri ndiyo roho ya mashini hii, na ndiyo inayokufa kwanza. Baada ya kuchajiwa mamia ya mara inabaki na sehemu tu ya nguvu yake. Mashini ya okasioni iliyofika kwa kontena inaweza kung'aa na kufanya kazi dakika 4. Muuzaji aombwe aiache iwake mbele ya mnunuzi mpaka izime, saa mkononi. Akikataa, jibu limepatikana.

Chaja isomwe pia. Iliyoandikwa 100-240 V inafaa hapa. Iliyotoka Marekani ikiwa na 120 V peke yake itaungua siku ya kwanza.

Kubadili batri ni rahisi kwa aina nyingi, skrubu mbili tatu ao kitufe. Shida ni batri bandia. Batri nzuri ina kisahani cha elektroniki kinachokata umeme seli zikizidi kujaa ao kupata moto. Ya bandia mara nyingi haina. Fundi anayeunganisha seli zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu anaweza kufaulu, na anaweza kuchoma nyumba. Kwa nyumba za mbao, zilizobanana kama zilivyo mitaa mingi ya Goma, batri ya lithiamu haipashwi kuchajiwa usiku watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro, wala karibu na mbabula.

Ndugu anayetoka Ulaya na batri ya akiba aiweke katika mfuko wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Hadi wati-saa 100 inaruhusiwa bila kuomba ruhusa ya kampuni ya ndege, na batri nyingi za aina hii ziko chini ya hapo.

Kobalti inarudi nyumbani

Ndani ya seli nyingi za namna hii, pamoja na lithiamu na nikeli, kuna kobalti, gramu chache katika kila seli. Si zote: zipo batri za lithiamu na chuma zisizo na kobalti hata kidogo, nazo zinatumiwa sana katika mitambo ya jua. Lakini mashini inayotakiwa iwe nyepesi mkononi mara nyingi imejengwa kwa zile zenye kobalti, kwa sababu zinabeba nguvu nyingi katika uzito mdogo.

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka DRC, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu kubwa inasafishwa China. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kuipeleka inje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, na toka tarehe 16 Oktoba mwaka huo kila kampuni inapewa kipimo chake. Kwa mwaka 2026 jumla imewekwa tani 96.600.

Mwaka 2016, mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalitoa ripoti juu ya wachimbaji wadogo wa kobalti. Ilionyesha kwamba wengi wao hawakuwa na glavu wala kifuniko cha pua, na ilikumbusha kwamba kuvuta vumbi lenye kobalti kwa muda mrefu kunaweza kuleta ugonjwa wa mapafu unaoua. Wanawake waliokuwa wakiosha na kuchambua mawe walikuwa katika vumbi hilo hilo. Ukinunua ufagio wa batri ili mtoto wako asikohoe, ni vigumu kutowafikiria, ingawa hakuna dukani anayeweza kukwambia gramu hizo zilitoka shimo gani.

Katika Umoja wa Ulaya, toka tarehe 18 Februari 2027, batri za vifaa vidogo zitapashwa kuwa rahisi kwa mwenye kifaa kuzitoa na kuzibadili mwenyewe, na huko zipo sehemu za kuzikusanya zikifa. Iliyokufia Goma ao Bukavu haina njia hiyo. Anayebaki nayo afunike ncha zake kwa skoch, aiweke katika mkebe wenye mchanga mkavu, mbali na moto na watoto. Na kama imevimba, hata ndugu anayerudi Ulaya hawezi kuibeba, kwa maana batri iliyoharibika hairuhusiwi kupanda ndege.