Mashine ya leza haitaondoa ugomvi wa bei ya koltani

Bukavu, kilo ya koltani haina bei mpaka ijulikane imebeba tantalamu asilimia ngapi, na asilimia hiyo husomwa na mashine ya mnunuzi. Mfanyabiashara mmoja anayeleta mizigo kutoka machimboni analalamika kwamba mzigo uleule husomeka juu kwa mnunuzi huyu na chini kwa yule, naye hulazimika kukubali cha chini kwa sababu deni la wachimbaji na la usafiri halimngoji. Maofisa hujibu kwamba dawa ni teknolojia: baada ya mashine za eksirei, sasa zinasifiwa za leza, zinazotoa jibu kwa sekunde chache. Wepesi huo ni wa kweli, lakini haki ya kipimo ni jambo jingine.

Leza ya aina hii hutokana na fuwele, mara nyingi yenye neodimiamu, na hupiga mapigo ya nanosekunde chache. Kila pigo hugeuza chembe ndogo ya madini kuwa plazma inayong'aa, na rangi za mng'ao huo hutaja elementi zilizomo. Kazi yote hutegemea mwale kukusanyika mahali padogo. Ubora wake ukishuka, doa likapanuka kipenyo mara mbili, nishati ileile husambaa kwenye eneo mara nne, na ukali wake hubaki robo. Tena fuwele ikipata joto la mapigo mfululizo huanza kupinda mwanga kama lenzi, hivyo mwale hubadilika kazi ikiendelea.

Mtaalamu atasema mashine hurekebishwa kwa sampuli ya kulinganishia. Ni kweli, ila marekebisho ya asubuhi yanafaa tu iwapo mwale wa mchana haujabadilika. Na hata mwale safi kabisa husoma doa lisilofika milimita, ilhali gunia limechanganya punje za koltani, kasiteriti na mchanga. Leza inaweza kupunguza ugomvi, lakini ikibaki mikononi mwa upande mmoja huenda ikauongeza. Kwa sasa kinga ya muuzaji ni ya kawaida: sampuli isagwe, ichanganywe na kugawanywa mbele yake, abaki na nusu, na mashine ijaribiwe kwa sampuli inayojulikana kabla na baada ya mzigo wake.