Joho la Kale: Kagua Vazi, Usinunue Hadithi

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Miongoni mwa mavazi ya heshima ya wafanyabiashara wa zama hizo ni joho la sufu, lililo wazi mbele, lenye tarizi ya zari, na huvaliwa juu ya kanzu. Kwa kuwa joho la kale lina thamani, jipya huweza kuuzwa kwa jina lake. Kabla ya kulipa, mlaji unashauriwa:

1. Kupima uzi. Kwa idhini ya muuzaji, choma uzi mmoja uliofumuka. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuganda. Sufu peke yake haithibitishi umri, lakini poliesta ilivumbuliwa mwaka 1941, misafara ikiwa imekwisha.

2. Kutazama zari. Zari ya fedha hufifia na kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita. Ya plastiki hubaki iking'aa.

3. Kukagua matundu ya nondo na mikunjo iliyochanika. Kiraka kilichoshonwa vizuri ni dalili ya matunzo.

4. Kudai risiti inayotaja umri na asili ya vazi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maandishi ndiyo ushahidi wako.

Ukikusudia kulipeleka nje ya nchi, wasiliana kwanza na mamlaka ya mambo ya kale.

Nawe uliyerithi joho, usiliuze kwa bei ya kwanza: lipimwe kwanza na mjuzi asiye mnunuzi.